Mama wa Ubatizo wa Helenka

Wiki jana niliwaacha pale kizingitini kwetu, Łódź, mkoba begani, Norbert anapiga honi barabarani, na kwenye kiti cha mbele cha gari, kiti changu mimi, amekaa mwanamke mwenye miwani ya jua.

Nyinyi mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, karibuni kwenye mikosi yangu. Mimi naitwa Wioleta, kazi yangu ni ususi. Mchumba wangu wa kwanza alinikimbia na binamu yangu, ndoa ikiwa imeshatangazwa kanisani. Saluni niliyoajiriwa ikafungwa. Halafu Mungu akanionea huruma akanipa Norbert, fundi wa tramu, mwanamume mpole anayerudi nyumbani na kuniuliza kama miguu inaniuma. Mwaka wa pili huu tunaishi pamoja, na neno ndoa hajawahi kulitamka hata kwa bahati mbaya.

Na huyu wa miwani ni Milena. Alikuwa msichana wake walipokuwa sekondari. Msichana wa kwanza, jamani. Sasa mnaelewa kwa nini mkono wangu ulikuwa umeganda kwenye kitasa.

"Milena hutapika akikaa nyuma," Norbert akaniambia, akinifungulia mlango wa nyuma. "Tangu zamani."

"Tangu zamani," nikarudia.

Mtu anakumbuka kichefuchefu cha mwanamke miaka yote hiyo! Mimi juzi nimepaka nywele rangi mpya, ameniuliza kama nimelala vibaya.

Nikakaa nyuma na mizigo.

Ilikuwa Alhamisi ya sikukuu ya Ekaristi, na kama desturi yetu kila mtu alikuwa ameomba ruhusa ya Ijumaa ili mapumziko yaunganike mpaka Jumapili. Tulikuwa tunakwenda Toruń. Sylwia, shoga yangu wa tangu darasa la kwanza, alikuwa ametangulia huko na mumewe Leszek, aliyesoma na Norbert na Milena na ndiye aliyemwalika Milena, na kichanga chao, Helenka. Walikodi nyumba nzima mji mkongwe.

"Njooni," Sylwia aliniambia kwenye simu. "Tuna jambo la kuwaambia."

Jambo lenyewe nililijua. Mimi na Sylwia tuliahidiana tukiwa wasichana kwamba mtoto wake wa kwanza nitamsimamia mimi ubatizo, na wangu atamsimamia yeye. Nguo nyeupe ya ubatizo nilikuwa nimeshainunua. Niliikunja kwenye karatasi laini nikaiweka chini kabisa ya mkoba, nikasema nitaitoa wakiniomba.

Hatujafika mbali, Milena akafungua mfuko wa chakula. Mikate yenye kotleti za nyama ndani, mayai ya kuchemsha, nyanya.

"Dereva, fungua mdomo," akasema.

Na Norbert akafungua! Akafungua mdomo kama kifaranga, mwanamke akamtia mkate.

"Wiola, na wewe utakula?" Milena akanigeukia.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?" Norbert akaniuliza kwenye kioo. "Asubuhi hukula kitu."

"Nimeshiba tu, Norbert. Tazama barabara."

Nikaiangalia misonobari inavyopita dirishani, njaa inanikata, harufu ya kotleti imejaa gari zima. Nilijikaza. Nikasema Wiola, usiwe mjinga, mwanamke kumlisha dereva si kosa la jinai.

Toruń tukaikuta imefurika. Maandamano ya Ekaristi yalikuwa yanapita mji mkongwe, watoto wa komunyo ya kwanza wanamwaga maua njiani, padri nyuma yao. Baraka ya mwisho ilipotolewa tu, watu wakavamia madhabahu za barabarani kuvunja matawi, kama tufanyavyo kila mwaka. Tawi la siku hiyo ukiliweka nyumbani, radi haipigi kwako.

Norbert ni mrefu. Akanyoosha mkono, akavunja tawi zuri lenye majani mengi. Mimi nami nikanyoosha wangu nilipokee.

Akampa Milena.

"Yeye hafiki," akasema.

"Na mimi nimefika wapi?"

Akanivunjia la pili. Lilikuwa kijiti, na majani yake yamechoka. Chekeni tu. Mimi nilikitazama kile kijiti nikajua radi ya mwaka huu ni yangu.

Ijumaa asubuhi tukaenda wote kwenye mnara ulioinama. Kila anayefika Toruń lazima ajaribiwe pale. Unasimama chini ya ukuta, unagusisha visigino na mgongo, unanyoosha mikono mbele. Asiye na dhambi husimama. Mwenye dhambi ukuta humsukuma.

Milena akasimama. Akasimama na kucheka na kupungia watu mikono, nywele zake zinapepea. Watu wakampigia makofi.

"Malaika huyu!" Leszek akapiga kelele. "Haya shemeji Wiola, zamu yako."

Nikagusisha visigino. Nikanyoosha mikono. Nikahesabu moja, na kabla ya mbili nikawa nimemwangukia mzee wa watu aliyekuwa anakula aiskrimu, nikamkumbatia na aiskrimu yake.

"Lo, shemeji! Unazo nyingi kiasi hicho?" Leszek akashika mbavu. "Norbert, unalala na nani ndani?"

Norbert alicheka mpaka akainama. Hilo ningemsamehe. Lakini alicheka huku ameshika bega la Milena asije akaanguka. Mnara wote ule, ukuta wote ule, akakosa mahali pengine pa kushika.

Nikaenda bombani kufuta aiskrimu. Niliporudi kwa upande wa nyuma, nikasikia sauti. Norbert na Sylwia walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha mnara, Sylwia amembeba Helenka kifuani.

"Atanichukia, Norbert," Sylwia alikuwa anasema. "Wewe hujui atakavyonichukia."

"Nivumilie mpaka Jumapili," Norbert akajibu. "Jumapili nitamwambia mwenyewe. Usinivurugie, nakuomba."

Jumapili ataniambia nini? Mtu akitaka kukuambia kitu kizuri anakuficha wewe na kumwambia shoga yako? Yule wa kwanza naye alinificha hivyohivyo, mpaka padri akanipigia simu kuniuliza kama kweli harusi imevunjika. Nikarudi kwa wenzangu, nikanunua mikate ya asali na tangawizi, nikaitafuna mmoja baada ya mwingine bila kujua ladha yake.

Jioni tukakaa mezani. Ijumaa hatuli nyama, kwa hiyo Sylwia alikuwa amepika pierogi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani, kuna samaki wa siki, kuna vodka ya baridi. Leszek akasimama na glasi, amefunga tai kwenye fulana. Nikajua saa imefika. Mkono wangu ukashuka chini ya meza, ukafungua zipu ya mkoba.

"Ndugu zangu," akasema. "Helenka wetu atabatizwa mwezi ujao. Mimi na Sylwia tunahitaji watu wa kumshika."

Nikagusa karatasi laini.

"Norbert, rafiki yangu, tunakuomba uwe baba yake wa ubatizo."

"Kwa furaha," Norbert akasema papo hapo, bila kushtuka hata kidogo.

"Na mama yake wa ubatizo..." Leszek akamtazama mkewe. Sylwia alikuwa anaitazama sahani. "Milena, tunakuomba wewe."

Jamani. Jamani jamani.

Nilisikia glasi zinagongana, nikasikia Leszek anaimba, nikaona Milena ameziba uso kwa viganja na machozi yanamtoka. Kisha akatingisha kichwa kukubali. Kwetu ukiombwa kumsimamia mtoto ubatizo hukatai. Anayekataa amemtupia mtoto nuksi, na watu watakukumbusha kila siku mtoto yule akiumwa hata mafua.

Nikafunga zipu.

Mnajua maana ya jambo lile? Wasimamizi wa mtoto ni ndugu wa maisha. Kila Krismasi, kila siku ya jina la Helenka, komunyo yake ya kwanza, harusi yake Mungu akipenda, Norbert na Milena watakaa bega kwa bega, wanapigwa picha, wanaulizana, unamkumbuka alivyolia kanisani? Na mimi nitakuwa nani? Mama wa kukata keki.

Nilimfuata Sylwia jikoni.

"Tuliahidiana," nikamwambia.

"Najua, shoga."

"Nguo nimenunua, Sylwia! Iko ndani ya mkoba!"

Akaanza kulia, huku amenipa mgongo, anaosha sahani iliyokwisha kuoshwa. "Nitakueleza Jumapili. Niamini mpaka Jumapili tu, Wiola."

"Jumapili, Jumapili! Kila mtu humu ndani ana Jumapili yake isipokuwa mimi! Nimekukosea nini? Nimewahi kukusengenya? Siku unajifungua nani alikaa nawe?"

"Wewe."

"Milena alikuwa wapi?"

Nikamwacha na sahani zake, nikaenda kumtafuta mbaya wangu.

Nilimkuta kwenye ngazi za nje, amejikunyata, kiatu kimoja kimemvuka. Nilikwenda pale kumpa makavu. Nilikuwa nimeshayapanga yote mdomoni.

"Umefurahi sasa?" nikaanza.

"Wiola," akasema, "nimekwisha."

"Utakwishaje na umepata kila kitu?"

Akanivuta nikae. Mikono yake ilikuwa ya baridi. "Naishi na mtu," akanong'ona. "Tangu majira ya baridi. Ana mke wa ndoa ya kanisa, wameachana lakini kwa kanisa bado ni mkewe. Mama yangu hajui. Norbert hajui. Anayejua ni paroko wangu peke yake, kwa sababu nilimwambia mwenyewe, na akaniambia nisimwombe cheti chochote mpaka nitengeneze maisha yangu. Na bila cheti cha paroko nitamsimamiaje mtoto?"

Nikamtazama. Mimi na Norbert nasi tunaishi bila ndoa, ila paroko wetu hatuulizi nasi hatumwambii; nilichosikia zaidi ni kwamba ana mtu wake.

"Kwa hiyo... humtaki Norbert?"

Milena akacheka, machozi bado yanamtiririka. "Norbert? Norbert yupi? Huyu wa tramu? Wiola, mimi niliachana naye kwa sababu alinieleza breki za tramu siku nzima ya sherehe yangu ya kuzaliwa!"

Hapo ningeshukuru Mungu nikaenda kulala, sivyo? Mwanamke mwenye akili zake angeshukuru. Lakini nyinyi hamujui wivu. Nilipomsikia anacheka vile, roho ikaniuma kwa upande wa pili. Yaani Norbert wangu hafai? Amekaa kiti changu, amepewa tawi langu, amepewa mtoto wangu, halafu hata hamtaki?

"Basi kataa," nikamwambia.

"Mtoto anakataliwaje?"

"Waambie sababu."

"Leszek anafanya kazi na kaka yangu. Mama atajua kabla sijafika nyumbani, na moyo wake ndio huo, juzi ametoka hospitali." Akanishika mkono. "Nifanyeje, Wiola?"

Wazo likanijia pale pale, tamu kama asali. Kukataa huwezi, ila kumpisha mwenzako unaweza. Watu wanapishana kila siku, dada kwa dada, shangazi kwa shangazi, na hakuna anayemlaumu mtu.

"Niachie mimi," nikasema. "Nitawaambia nimekuomba unipishe kwa sababu mimi na Sylwia tuna ahadi. Hakuna atakayekuuliza kitu."

"Na hutasema habari yangu?"

"Sitasema."

"Niapie."

"Naapa kwa Mama wa Mungu."

Akanikumbatia. Nami nikamkumbatia, nakiri, kwa upendo kabisa. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Norbert akisimama kanisani, atakayesimama naye ni mimi.

Sasa shikeni viti vyenu.

Jumamosi asubuhi Norbert alishuka kununua mikate ya moto. Milena alikuwa bafuni, maji yanasikika. Sylwia ananyonyesha, Leszek anakoroga mayai kwenye kikaango. Nikaona nafasi ndiyo hii.

"Nimezungumza na Milena," nikasema. "Nimemwomba anipishe, na amekubali. Helenka nitamsimamia mimi."

Mwiko ukamponyoka Leszek.

"Haiwezekani," Sylwia akasema.

"Mwenyewe amekubali. Muulizeni."

"Si Milena, Wiola. Ni wewe na Norbert." Uso wake ulikuwa mweupe. "Unajua wanavyosema. Wapenzi wakimshika mtoto mmoja kwenye maji ya ubatizo, altareni hawafiki. Hawaoani tena hao."

Mtaniuliza, mbona hukulikumbuka hilo? Nililikumbuka. Nani kwetu haijui imani hiyo? Bibi yangu aliwahi kumtoa kanisani dada yake kwa ajili hiyohiyo, maji yameshachotwa. Lakini mkumbuke na nyinyi, mimi nilikuwa naishi na mtu ambaye neno ndoa halimtoki. Nilichosikia pale ni kisingizio. Nikaona wanajificha nyuma ya maneno ya vikongwe ili wampe Milena nafasi yangu.

Damu ikanipanda.

"Altareni gani?" nikapaza sauti. "Nani kakwambieni mimi na Norbert tunaoana? Hajaniomba, na hata akiniomba simtaki! Tunakaa pamoja kwa sababu paka ni mmoja na hawezi kukaa nyumba mbili! Haya, hakuna ndoa hapa, hakuna cha kuharibika. Tupeni mtoto tumshike mimi na yeye, yaishe!"

Leszek na Sylwia walikuwa hawanitazami mimi, wanatazama nyuma yangu.

Kisha nikasikia harufu ya mikate ya moto.

Sitaki kuwaeleza uso wake. Norbert ni mtu ambaye hata akijigonga nyundo kidoleni hasemi kitu. Aliweka mfuko wa mikate mezani, taratibu, akaunyoosha usianguke.

"Norbert," nikasema.

"Nimesikia."

"Sikumaanisha—"

"Umesema vizuri tu, Wiola. Kwa sauti." Akavuta kiti, lakini hakukaa. "Ni vizuri mtu kujua."

"Mwambie, bwana," Leszek akamsihi.

"Nimwambie nini? Ameshajibu kabla hajaulizwa."

Hapo Sylwia akalipuka. Alimtoa mtoto kwenye ziwa, Helenka akaanza kulia, na mama mtu naye analia.

"Alitupigia magoti, Wiola! Kesho baada ya misa alitaka kukuomba, hapa, kwenye meza hii, mbele yetu. Sisi ndio tuwe mashahidi. Ndiyo maana alitusihi tusikuchague! Mimi nilikutaka wewe, nimekutaka wewe tangu tuko watoto! Akasema yeye mama yake alimlea na imani hizo, hawezi kubahatisha, mchukueni mtu mwingine yeyote, mchukueni Milena. Nikamwambia utanichukia. Akasema nimvumilie mpaka Jumapili!"

Nilishika ukingo wa meza.

Wasomaji wangu, mimi nimewahi kuachwa. Kuachwa nakujua. Unalia, unalala, unaamka, unapaka nywele rangi. Lakini kujiachisha mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, siku moja kabla ya kuombwa, hilo sikuwa nalijua.

"Basi nimejitoa," nikasema haraka. "Sitaki tena. Simsimamii mtoto. Yamekwisha, Norbert, yamekwisha, nilikuwa na wivu tu, niliona amekaa mbele, nikaona tawi—"

"Umesemaje?" Alikuwa Leszek. Sura ya utani ilikuwa imemtoka yote. "Unamkataa mwanangu?"

"Simkatai, Leszek, mimi—"

"Umemwomba mwenyewe, tena kwa ukali. Hata mayai hayajapoa. Sasa unamtema?"

"Shemeji, nisikilize."

"Sina shemeji anayemtupia mwanangu nuksi."

Norbert akajipangusa uso kwa kiganja. "Mimi siwezi kujitoa," akasema. "Nilikubali jana mbele ya watu. Na wewe umekubali leo mbele ya watu. Basi ndiyo hivyo. Tutamshika, halafu kila mtu na njia yake."

"Kwa sababu ya imani za vikongwe?"

"Kwa sababu umesema hunitaki."

"Nakutaka!"

"Saa ngapi ulinitaka? Kabla ya paka au baada ya paka?"

Sylwia akaja, akanibwagia Helenka mikononi. "Mshike," akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Umemtaka, mshike."

Kale katoto kakanyamaza. Kalinikodolea macho, kamelowa maziwa kidevuni, kazito kuliko nilivyodhani. Nilitaka kukabusu na nilitaka kukimbia.

Mlango wa bafuni ukafunguliwa. Milena akatoka, taulo kichwani, mashavu mekundu kwa maji ya moto, akaniona na mtoto mikononi. Akatabasamu kwa shukrani, jinsi mtu anavyomtabasamia aliyemwokoa.

"Umeshawaambia, Wiola?"

Akatutazama mmoja mmoja. Tabasamu likaanza kumfifia.

Norbert akanyanyua kichwa. Niliona wazo linamjia, naye si mtu wa mawazo ya haraka, kwa hiyo unaweza kuliona likija.

"Milena," akasema. "Ni kweli ulimpisha Wiola?"

"Ni kweli. Kwa hiari yangu."

"Basi na yeye anaweza kukupisha wewe." Akamgeukia Leszek. "Kupisha si kukataa. Au nasema uongo?"

Leszek akakuna shingo. Akamtazama mkewe. "Si kukataa," akakubali. "Akimpa Milena kwa mkono wake, mbele yetu, mtoto hana nuksi."

"Yesu na Maria, ndiyo!" Sylwia akapiga makofi, anacheka na kulia. "Irudi kama ilivyokuwa jana! Mpe, Wiola! Mpe Milena!"

Norbert akanisogelea. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wiola, mpe Milena mtoto," akasema. "Nitachukulia nilikuwa bado dukani nanunua mikate. Sikusikia kitu. Na kesho nitakuuliza nilichotaka kukuuliza."

Ni hatua moja tu. Milena alikuwa mbele yangu, ningeweza kumgusa. Na nawaambieni ukweli, kwa kuwa hapa tumezoea kuambiana ukweli: hata katika dakika ile, kilichonichoma kwanza ni kwamba jina la Milena alilitamka polepole, na langu kwa haraka.

Nikamtazama Milena usoni.

Alikuwa amekuwa mweupe kama taulo lake. Kichwa chake kilikuwa kinatikisika, kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Hapana. Hapana, Wiola. Uliniapia. Lakini wote walikuwa wamemgeukia, wanasubiri, Sylwia ameshafumba mikono kifuani kwa furaha, na mbele ya mama wa mtoto nani angebaki na mikono yake ubavuni?

Akainyoosha yote miwili, akasubiri nimpe.